Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana: mamba, mchanga na upepo kwa anayetokea Kitale

Mtu wa Pwani akitajiwa safari ya kisiwani ya siku moja, moja kwa moja fikra zake huenda Wasini: boti asubuhi pale Shimoni, pomboo, matumbawe ya Kisite, kaa na wali adhuhuri, na jioni uko nyumbani. Ndugu zetu walio Kitale na Bungoma kwa kazi, biashara au ndoa huuliza kama huko bara juu kuna kitu cha namna hiyo. Kipo. Ni Kisiwa cha Kati kilicho ndani ya Ziwa Turkana, ambacho kwenye ramani na kwenye tiketi utakiona kimeandikwa Central Island, na wengi hukiita Kisiwa cha Mamba. Lakini anayekiendea kwa mazoea ya Wasini anaweza kujiponza, na ndiyo sababu makala haya yatakaa zaidi kwenye upepo, maji na usalama kuliko kwenye picha.

Kwanza suala la siku. Kuvuka, kutembea kisiwani na kurudi ni kazi ya siku moja. Kufika ufukweni kutoka Kitale ni jambo jingine kabisa. Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, kisha kutoka Lodwar kuna kama kilomita 60 hadi Kalokol, au zaidi kidogo hadi Eliye Springs. Anayekuambia utatoka Kitale alfajiri, uone mamba, ulale Kitale usiku huohuo, hajawahi kwenda. Siku nne ndizo zinazotosha: moja ya kwenda, moja ya kisiwa, moja ya kupumzika ufukweni, moja ya kurudi. Aliye Bungoma aanze kwa kupanda gari la Kitale linalopitia Kamukuywa na Kiminini, na ni afadhali alale Kitale kuliko kuunganisha. Kwa anayetoka Mombasa, Kitale peke yake ni zaidi ya kilomita 850, kwa hiyo wenye haraka hupanda ndege Nairobi na kushuka Lodwar.

Ukiwa bado Kitale na una nusu siku, nenda Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, upande wa Kipsaina. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, haifiki kilomita tatu za mraba, na ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa kinamasini mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame matopeni. Huko hakuna gari la kutembeza wageni. Unatembea kwa miguu, unapanda jukwaa la mbao na kusubiri kimya. Asubuhi mapema na jioni ndiyo saa za nzohe. Mjini penyewe pana Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Stoneham, na humo utaona vyombo vya Waturkana kabla ya kuwafikia wenyewe.

Barabara ya kwenda Lodwar hupita Makutano ya Kapenguria, Chepareria na Ortum, kisha huteremka Marich. Hapo baridi ya Kitale inaisha ghafla. Mtu aliyevaa koti asubuhi huanza kutafuta feni. Baada ya Marich ni Kainuk, Lokichar, halafu Lodwar. Kipande cha Kainuk kwenda Lokichar kina historia ya wizi wa mifugo na magari kushambuliwa. Kuna vipindi vya utulivu mrefu na kuna vipindi vibaya. Kwa hiyo, siku moja kabla, uliza stendi ya Kitale kwa madereva wa njia hiyo, si kwa jamaa aliyepita mwaka jana. Safiri mchana tu. Kama madereva wenyewe wanangoja wasindikizwe na polisi, nawe ngoja.

Lodwar ni mji wa joto na vumbi, lakini si mji wa shida. Pana benki, petroli, misikiti, na hoteli za Waislamu ambako utapata wali, nyama ya mbuzi na chai ya maziwa. Hapa ndipo pa kununua maji ya kunywa ya siku zote zilizobaki, na pia pa kulipia kiingilio cha hifadhi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linapokea malipo kupitia eCitizen, hivyo usitegemee kutoa noti ufukweni. Lipa ukiwa na mtandao mzuri na uhifadhi risiti kwenye simu.

Ukishika njia ya Kalokol, utakuta kando ya barabara nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa duara, zikiinama huku na huku. Pale ni Namoratunga. Wenyeji husimulia kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Wataalamu wa mambo ya kale wanazihusisha nguzo za namna hii kandokando ya ziwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Simama, tazama, usisukume jiwe.

Kalokol yenyewe imebeba jina la ziwa, kwani Waturkana huliita Anam Ka'alakol, bahari ya samaki wengi. Mji una kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliwaza kugandisha minofu ya samaki jangwani, mahali ambapo umeme na maji baridi vilikuwa ghali kuliko samaki mwenyewe. Haikuchukua muda Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ikakauka, na wenyeji wakarudi kwenye njia yao ya kupasua na kuanika juani. Mtu wa Lamu akiona samaki hao atasema ni ng'onda tu, na hatakuwa amekosea. Baadaye maji yalirudi ghubani na uvuvi ukaendelea.

Ziwa hili ndilo kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani na yasiyokauka. Lina urefu wa kilomita 250 hivi, na maji yake karibu yote huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Hayana njia ya kutokea, hutoweka kwa mvuke tu, ndiyo maana yana magadi. Historia yake ina mkono wa Pwani ndani yake. Msafara wa Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel, uliofika ziwani mwaka 1888, ulianzia Pangani kwa wapagazi wa Pwani, na aliyewaongoza njia alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, Jumbe Kimemeta. Wazungu wakaliita ziwa kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wao wa Austria, na jina hilo likakaa hadi 1975. Jumbe Kimemeta hakuachiwa hata jiwe.

Sasa kisiwa. Kina ukubwa wa kilomita tano za mraba, chote ni mlima wa volkano uliochomoza majini, na ni hifadhi ya taifa tangu 1983. Juu yake kuna mashimo ya volkano zaidi ya kumi, na matatu kati yake yamejaa maji: Ziwa la Mamba, Ziwa la Heroe na Ziwa la Ngege. Boti hukushusha kwenye kifuo cha mchanga na kokoto nyeusi, kisha unapanda ukingo wa shimo kwa miguu juu ya majivu na mawe yanayoteleza. Ukifika juu ndipo utakapoelewa kwa nini watu huvumilia njia yote ile. Upande mmoja ni shimo lenye maji ya kijani yaliyotulia tuli, upande wa pili ziwa kubwa lenye mawimbi meupe, na katikati ni wewe na upepo.

Mamba hutaga mayai kisiwani, na watoto huanguliwa zaidi Aprili na Mei. Huo ndio msimu wa kuwaona wengi, na ndio msimu ambao mama zao hawana masihara. Mamba wa huku wameishi kwa samaki miaka yote, kwa hiyo utawasikia wenyeji wakisema ni wapole. Usijenge hoja yako juu ya maneno hayo. Ndege ni wengi: heroe wa waridi, korongo, mwari, na yule ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anayeruka akiukokota majini ili kunasa samaki. Kuanzia Machi hadi Mei hupita makundi ya ndege wanaorejea Ulaya. Nyoka wenye sumu wapo pia, basi acha ndala kwenye boti, vaa viatu vya kufunika mguu.

Kisiwani hakuna duka, hakuna maji ya kunywa, na kivuli ni cha kutafuta. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu, kofia au kanga ya kichwa, tende, na chakula kisichoharibika kwa joto. Wazee wenye presha na watoto wadogo wabaki Eliye Springs. Wataburudika kuliko wewe.

Na upepo. Sisi tumezoea kusi na kaskazi, kila mmoja na miezi yake, nahodha akajua lini atweke na lini avute chombo pwani. Turkana ni kama kusi isiyoisha: upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu mwaka mzima, ukibanwa kati ya milima ya Ethiopia na ile ya Kenya, na nguvu zake huzidi usiku hadi asubuhi. Hapa pana mvutano. Joto linakutaka uondoke mapema, upepo nao unakutaka usubiri. Mwenye neno la mwisho ni nahodha, si ratiba yako. Mwaka 1934, katika msafara wa kisayansi ulioongozwa na Vivian Fuchs, vijana wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini katika ziwa hilihili. Hawakuonekana tena.

Kwa hiyo ukifika kwa wenye boti, iwe Kalokol au Eliye, tazama mambo matatu kabla ya kuuliza bei: jaketi ya kujiokoa kwa kila kichwa, iwe nzima na ya kukuenea; injini, na kama kuna ya akiba au boti nyingine inayoweza kuja kuwachukua; na idadi ya watu. Jaketi zikiwa nne na ninyi ni saba, watatu hawaendi. Nasema hivi kwa sababu sisi wa Pwani ndio wagumu zaidi wa kuvaa jaketi, tukijiona tumezaliwa majini. Maji haya hayajui hilo. Bei hukatwa kwa boti nzima, na sehemu kubwa ni petroli, basi watu watano au sita wakichanga ni nafuu. Patana mpaka mwisho kabla ya kupanda: kwenda, kungoja, kurudi, na anayewaongoza kisiwani. Kisha usimpunje nahodha. Aliyelipwa vizuri hana haja ya kupakia abiria wa ziada njiani ili apate faida yake.

Usiweke ndege ya kurudi Nairobi jioni ya siku ya kisiwa. Upepo ukichachamaa mnaweza kulazimika kungoja saa nyingi ng'ambo, na nahodha anayeharakishwa na tiketi ya abiria ni nahodha wa hatari.

Siku ya ufukweni ni Eliye Springs. Jina limetokana na chemchemi za maji matamu zinazotoka kwenye mchanga chini ya mikoma, ileile mikoma tunayoijua, na akina mama wa Kiturkana husuka vikapu kwa majani yake. Nunua kwao, bei ya hapo ni rahisi kuliko ya mjini. Mchanga ni mpana, jua linapotua ziwa hubadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Kuoga, oga kwenye chemchemi. Ziwani, ingia pale tu wenyeji wanapoingia, mchana, maji yasizidi magoti, na kisiwani usiingie kabisa. Salamu yao ni "Ejoka?" nawe ujibu "Ejok-nooi." Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe.

Kuna jambo utaliona kwa macho yako. UNESCO iliitangaza Sibiloi na Kisiwa cha Kati kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001, na mwaka 2018 eneo lote likawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III ambalo Ethiopia ililijenga kwenye Mto Omo na kulizindua Desemba 2016. Hofu ilikuwa ziwa kukauka. Kisha zikaja mvua kubwa za kuanzia 2019, maji yakapanda badala ya kushuka, yakameza nyumba na majengo ya ufukweni, na mamba wakasogea pamoja na maji hadi karibu na makazi. Ramani ya zamani ya simu yako inaweza kukuonyesha njia ambayo sasa ni maji. Muulize mvuvi njia ya kufika ufukweni, na umuulize pia ni wapi mamba alionekana wiki hii.