Kutoka Jembe Hadi Kibali

Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipokelewa na Serikali ya Tanzania kwa jembe. Huko Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo walipewa mashamba, wakalima na kuuza mazao, ingawa sheria ya mwaka 1965 ilikuwa kali vilevile! Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao, pamoja na wazao wao, walithibitishiwa uraia.

Sisi wa Kongo tulifika Nyarugusu mwaka 1996, baada ya mmiminiko wa Wanyarwanda wa 1994 kuibadili hali. Sheria ya 1998 ilituweka kambini, na kutoka kukawa kwa kibali. Mashamba hatukupewa. Wanafunzi wetu waliozaliwa humu huuliza: cheti cha kuzaliwa Tanzania kinawapa haki gani?