Lakhpat, Mji Uliobaki Ukuta

Ukianza kuhesabu mahari, kodi ya nyumba au bei ya pikipiki kwa Kiswahili, hufiki mbali kabla hujataja laki. Neno hilo lilivuka bahari na Wahindi, na kwao ni lile lile: lakh, mia elfu. Pembeni kabisa mwa India, kaskazini-magharibi, katika wilaya ya Kutch jimboni Gujarat, upo mji uliobeba neno hilo katika jina lake: Lakhpat. Wako wanaolinasibisha jina na Rao Lakha, mtawala wa kale. Lakini simulizi inayopendwa na wenyeji ni ile ya forodha: kwamba hapa palikuwa pakiingia kori laki moja kwa siku. Kori ilikuwa sarafu ya fedha ya Kutch, enzi hizo nchi yenye mtawala wake. Laki kwa siku! Mimi naisikia hesabu hiyo kama hesabu za harusi, ambazo kila msimuliaji huziongezea kidogo. Hata hivyo, ukifika ukaona ukuta, unaanza kujiuliza kama kweli waliongeza sana.

Safari huanzia Bhuj, makao makuu ya wilaya, na ni kilomita mia na thelathini na ushei. Basi lipo, ila lina saa zake, na mgeni hana haja ya kujitesa. Nilikodi gari pamoja na dereva, kijana mcheshi aliyejua maneno kumi ya Kiingereza na kuyatumia yote kwa mpigo. Tulipita Nakhatrana, tukapita Mata no Madh penye hekalu la Ashapura, mungu mlinzi wa Kutch, ambako mahujaji huja kwa miguu kutoka mbali, tukapita Dayapar. Baada ya hapo nyumba zikaadimika, yakabaki mawe, mbuzi na miti ya miiba.

Miti hiyo niliitambua. Nilimwonyesha dereva kwa kidole, akacheka na kusema "gando baval", yaani mgunga mwendawazimu. Kumbe ni ule ule ambao Wakenya wa Baringo na Tana River wanauita mathenge. Asili yake ni Amerika. Huku ulipandwa na serikali kuzuia jangwa la chumvi lisisogee, na kule Kenya nao uliletwa kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Pande zote mbili za bahari umekula malisho, na pande zote mbili wafugaji wanaulaani. Angalau Wakutch waliupa jina linalousema ukweli wake.

Nje ya lango la ngome dereva alizima gari, akamsalimu mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na kilemba. Alimwita "dada". Niligeuka kutafuta huyo dada yuko wapi. Ilichukua muda kuelewa kwamba kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, na kaka ni baba mdogo. Siku nzima nilikuwa nikisikia makaka na madada wakiamkiwa kwa unyenyekevu mkubwa, na kila mara kichwa changu kiligeuka kwanza, akili ikafuata baadaye.

Basi, ukuta. Una urefu wa kilomita saba hivi, umejengwa kwa mawe ya rangi ya asali iliyochakaa, na minara ya mviringo imepangwa kila baada ya hatua kadhaa. Unaupanda kwa ngazi za mawe zilizolika katikati. Juu yake unaweza kutembea, na ndivyo nilivyofanya, jua likinichoma utosi. Upande wa kulia, nje, ni tambarare ya tope na chumvi inayokwenda mpaka macho yanachoka, na mbali kuna mstari unaong'aa ambao ni maji ya Hori ya Kori. Upande wa kushoto, ndani, ndiko mji ulikostahili kuwa. Zipo nyumba chache, msikiti, hekalu, gurudwara ya Masingasinga, kuba moja jeusi la kaburi. Kinachobaki ni vifusi na miiba. Watu wanaoishi humo ni mia chache tu. Ni kama kanzu ya pande la mtu aliyovalishwa mtoto.

Aliyeujenga ukuta huu kwa ukubwa wake wa sasa ni Jamadar Fateh Muhammad, mwaka 1801. Alikuwa askari aliyepanda ngazi hadi akaitawala Kutch nzima kwa jina la Rao, mfalme aliyewekwa kando, mpaka kifo kilipomchukua mwaka 1813. Alijua anachokilinda. Wakati huo mkono mmoja wa mto Indus ulikuwa ukimwaga maji yake hapa, ukipita chini ya Lakhpat kuelekea bahari. Mashua zilipanda na kushuka kati ya hapa na Sindh. Mashamba ya kando yalistawi mpunga, kitu ambacho ukisimama leo juu ya ukuta huo unakiona kama mzaha: mpunga, hapa, kwenye chumvi?

Ila mto ulikwisha kuanza kufa kabla ya ukuta kusimama. Mwaka 1762 Ghulam Shah Kalhora, mtawala wa Sindh, aliivamia Kutch na kupigana vita ya umwagaji damu mahali paitwapo Jhara. Kisha akatumia silaha inayokawia kuua lakini haikosi: alijenga matuta kwenye mto upande wake, maji yasiteremke kwa jirani. Wakulima wa mpunga wa Lakhpat ndio waliolipa. Kwa hiyo Fateh Muhammad alipopandisha mawe yake alikuwa akiufungia mlango mji ambao mwizi wake alikuwa amekwisha kupita kwa huko juu, mtoni. Hilo simlaumu. Ukuta hujengwa dhidi ya adui anayekuja kwa miguu au kwa farasi. Hakuna fundi wa kujenga ukuta wa kuzuia mto usiondoke.

Tarehe 16 Juni 1819, jioni, ardhi ilitetemeka. Bhuj ilibomoka, na watu wengi wakafa wilaya nzima. Kaskazini mwa Lakhpat, ng'ambo ya tambarare, likatokea jambo ambalo wataalamu wa miamba walilizungumza kwa karne nzima iliyofuata. Kipande cha nchi kiliinuka chenyewe na kufanya tuta lenye urefu wa kama kilomita themanini, mahali pengine likipanda mita kadhaa, likaukata mto kwa mapana. Kusini ya tuta ardhi ilididimia na maji ya bahari yakaingia. Ngome ndogo ya Sindri, iliyokuwa kituo cha ushuru mtoni, ilizama. Waliokuwemo walikimbilia juu ya mnara mmoja na kuokolewa kwa mashua kesho yake. Miaka minane baadaye afisa wa Kiingereza, Alexander Burnes, alikwenda huko kwa mashua na kuukuta mnara ungali umetokeza juu ya maji. Habari zake zilimfikia Charles Lyell, mwanajiolojia, aliyezitia katika kitabu chake kuonyesha kwamba sura ya dunia hubadilika mbele ya macho ya watu.

Wenyeji hawakusubiri kitabu. Walilitazama tuta lile, wakakumbuka matuta ya Ghulam Shah, wakaona ipo haja ya kuyatofautisha. Yale yalikuwa ya binadamu. Hili wakaliita Allah Bund, Tuta la Mwenyezi Mungu.

Mji haukuanguka siku ile. Hili ndilo lililonishangaza, maana nilikwenda nikitarajia kuona mji uliouawa na tetemeko, kuta zilizopasuka, na hadithi ya usiku mmoja. Kuta za Lakhpat zimesimama vizuri tu. Kilichoondoka ni maji matamu, baada yake mpunga, baada yake mashua, baada yake ushuru, na baada ya ushuru mmoja mmoja akafunga mlango wake. Ni kufa kwa mtindo wa duka: bidhaa zinapungua rafuni, na siku moja mwenyewe haji kufungua.

Wapo waliobaki, na wengine walijenga hata baadaye. Kuba jeusi nililolitaja ni kaburi la Ghaus Muhammad, walii aliyefariki mwaka 1855, mji ukiwa tayari umesinyaa. Lina pembe nane, na hakuna sehemu yake isiyochongwa: maua, matawi, aya. Nilisogeza uso karibu na nguzo moja ya mlango. Fundi alichonga kijani kimoja kimejikunja ncha, kama jani linavyofanya linapoanza kukauka. Hajakirudia popote kwenye nguzo ile. Kando kuna birika la maji ambayo watu wanaamini huponya magonjwa ya ngozi, na wanaokuja kuoga ni Waislamu na Wahindu pia, kama ilivyokuwa kwa wafuasi wa marehemu mwenyewe.

Kwenye gurudwara nilivua viatu na kufunga leso kichwani. Masingasinga wanaamini Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, alipumzika hapa akiwa njiani kwenda Makka, na ndani wamehifadhi viatu vya mbao vinavyosemwa kuwa vyake. Tetemeko jingine, lile la tarehe 26 Januari 2001 lililoua zaidi ya watu 13,000 jimboni Gujarat, liliujeruhi mjengo huu. Ulikarabatiwa kwa chokaa na udongo wa jadi badala ya saruji, na mwaka 2004 kazi hiyo ilipata tuzo ya UNESCO ya uhifadhi. Hakuna hoteli Lakhpat, wala mgahawa wa maana, lakini hakuna anayelala njaa: jikoni mwa gurudwara unapewa dengu, mboga na chapati, bila kuulizwa dini wala pesa. Msafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi aliyewahi kusimama Makindu anaujua mtindo huu. Unakaa chini safu moja na wengine, unakula, unaosha sahani yako.

Nilikaa na madereva wawili wa malori na familia ya mahujaji, na wakati nikichovya chapati nikawa namfikiria mtoto mmoja wa hapa.

Tharia Topan alizaliwa Lakhpat mwaka 1823, miaka minne baada ya Tuta la Mungu. Hakuujua mji ule wa laki kwa siku. Aliukuta mji ambao watu wazima wanausimulia. Familia yake ilikuwa ya Makhoja maskini. Hadithi inayorudiwa ni kwamba akiwa mvulana tu alijificha ndani ya jahazi, na alipogundulika chombo kilikuwa kimekwisha kushika njia ya Unguja. Kaskazi haimrudishi mtu. Unguja akaingia katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch ambaye Sultani alimkodisha forodha, akaanza kazi za chini kabisa na kupanda mpaka forodha hiyo ikaja mikononi mwake. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara ya pembe za ndovu, na hapo hesabu zake zinaingia damu, kwa sababu misafara ile haikubeba pembe tu. Mwaka 1890 Waingereza walimpa cheo cha Sir; mwaka uliofuata alifariki.

Kila aliyewahi kushuka boti Unguja ameiona kazi yake. Ile nyumba ya ghorofa yenye vibaraza vya mbao vilivyonakshiwa, karibu na bandari, Zahanati ya Zamani, yeye ndiye aliyeianzisha. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na ujenzi ukamalizika mwaka 1894, mwenyewe akiwa kaburini. Nimekua nikipita mbele yake. Siku zote nilidhani nakshi zile ni fahari ya tajiri. Baada ya kutembea juu ya ukuta wa Lakhpat sina uhakika tena. Mtoto aliyekulia ndani ya boma la kilomita saba lililojaa vifusi, akisikia kila jioni habari za forodha iliyokuwa ikiingiza laki, alivuka bahari akaenda kushika forodha. Akajenga jumba ukingoni mwa maji.

Alasiri tulirudi langoni. Askari wa mpakani, maana Pakistani haiko mbali, walikuwa wamekaa kivulini mwa mnara, na mmoja alinikumbusha kwa upole nisipige picha upande wao. Mzee wa asubuhi alikuwa palepale, kwenye kitanda cha kamba. Aliagiza chai, akamimina ya kwake katika kisahani, akaipuliza. Akamuuliza dereva mgeni ametoka wapi.

"Jangbar," dereva alisema. Ndivyo wanavyoiita Zanzibar.

Mzee alinitazama upya. Wakutch wengi wana mjomba, babu au jina la duka huko, na yeye pia alikuwa na lake: babu wa mkewe alikwenda, hakurudi. Akanywa chai yake yote kabla ya kuniuliza swali lake, na dereva akalitafsiri kwa maneno yake kumi. Anauliza, kwenu, bahari bado iko karibu na mji?

Nilimwambia ipo. Nikamwambia kwamba maji yakijaa na upepo ukiwa mkali, pale mbele ya Zahanati mawimbi hupiga ukuta na kuwarushia wapita njia. Dereva alitafuta neno la mawimbi, akalikosa, akalionyesha kwa mikono. Mzee akacheka, akajifuta usoni kama aliyerushiwa maji.