Kilomita 70 za Bahari

Nikiitazama ramani ya Visiwa vya Komoro, jicho langu hukwama Mayotte, ambayo wenyeji huiita Maore. Iko kilomita 70 tu kutoka Anjouan. Dini ni moja, na lugha zao ni jamaa za Kiswahili chetu. Mwaka 1841 Sultani Andriantsoly aliiuza kwa Wafaransa. Komoro ilipojitawala mwaka 1975, Maore ilichagua kubaki. Mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, ikiishi zaidi kwa fedha za Paris kuliko kwa vanila na mlangilangi. Tangu 1995 ndugu wa Anjouan hudaiwa viza; wengi wamezama wakivuka bila viza hiyo. Zamani niliiita kura ile usaliti. Siku hizi najiuliza: uhuru umemnufaisha nini aliyeuchagua, hata ahatarishe roho yake kumfuata aliyeukataa?