Kisumu kwa Boda

Huko majuu watalii huzungushwa mji wa kale kwa Segway, helmeti kichwani. Kisumu tuna boda. Jamaa aliyenibeba aliniahidi historia yote kwa mia tano, na kusema kweli alianza vizuri.

Stesheni: reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Kisha Oginga Odinga Street, na mnara wa saa wa 1938 unaomkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha. Yote alikuwa nayo kichwani.

Tukashika barabara ya Kakamega. Karibu na Russia, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, akaongeza mafuta.

"Simama hapa, omera."

"Hii ni hosi tu."

Hosi tu? Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikuja kuifungua. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai, na uchungu ulikuwa bado mbichi. Kenyatta na Odinga wakarushiana maneno jukwaani, mawe yakaruka, askari wakafyatulia umati risasi. Serikali ilihesabu maiti 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye KPU, chama cha Odinga, kikapigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Leo hospitali yenyewe inaitwa Jaramogi.

Alisimama ng'ambo ya geti, injini ikinguruma.

"Wageni hawaulizangi hii," akasema. "Mathe alikuwa hapa, na yunifomu ya shule."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Mengine hasemi."