Kiti, Kioo na Mkanda katika Magari ya Wazee Wetu

Atazamaye picha za jamaa zetu za miaka ya 1950 na 1960, za Unguja na baadaye za Uingereza, ataona kwamba gari halikosekani. Mtu kaegemea boneti, watoto wamepangwa kwa vimo mbele ya madigadi, bibi kaketi kiti cha nyuma na buibui lake, dirisha limeteremshwa nusu. Kitu kimoja hakionekani katika picha hata moja, nacho ni mkanda. Haukufichwa na mabega ya watu, haukuwapo.

Nimetaka kueleza jinsi kizazi kile kilivyokaa garini, kilivyotazama nyuma, na jinsi mkanda ulivyoingia katika maisha yao walipokwisha kuwa ugenini. Sababu ni kwamba magari yale sasa yamo mikononi mwetu. Ninawajua jamaa wasiopungua watatu, wa Maskati na wa Uingereza, walio na gari la marehemu uani chini ya turubai, nao hulitoa siku ya Idi na siku ya harusi. Hulipanda kama wapandavyo gari la mwaka huu, ilhali kila kiungo chake kilibuniwa kwa mwendo mwingine na kwa desturi nyingine za kukaa.

La kwetu ni Morris Minor ya milango miwili. Aliyeisanifu ni Alec Issigonis, aliyezaliwa Izmir mwaka 1906, mji huo ungali chini ya dola ya Uthmaniya. Ilionyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ikatengenezwa Cowley, karibu na Oxford, na hadi ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimekwisha kutoka zaidi ya milioni 1.6. Babu aliinunua Portsmouth ikiwa imekwisha kutumika, baada ya jamaa kufika huko kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964. Katikati ya miaka ya 1970 ami yangu aliihamishia Maskati kwa meli.

Kabla ya yote inafaa kuondoa dhana moja ambayo wazee waliipenda sana. Walikuwa wakisema kwamba magari yale ni chuma cha kweli, na kwamba aliye ndani ya chuma cha kweli hahitaji kufungwa kama mzigo. Ukigonga boneti kwa kidole unaweza kuamini. Lakini mwaka 2009 taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayoshughulikia usalama wa barabarani iligonganisha uso kwa uso gari la Chevrolet Bel Air la 1959, kubwa na zito kuliko letu kwa mbali, na Chevrolet Malibu ya 2009. Chumba cha abiria cha gari la zamani kilikunjamana juu ya mwanasesere aliyewekwa mahali pa dereva, na cha gari jipya kikabaki na umbo lake. Gari la siku hizi hujikunja kwa mbele makusudi, likinywa nguvu za mgongano kabla hazijamfikia mtu. La zamani halikupangiwa kazi hiyo. Tena mhimili wa usukani wa Minor ni chuma kirefu kisichojikunja, ncha yake imeelekea kifua cha dereva.

Kwa hiyo kiti ndicho cha kushughulikiwa mwanzo. Wazee walikaa karibu mno na usukani, na hawakufanya hivyo kwa ujinga. Usukani usiosaidiwa na mashine hutaka nguvu ya mabega, khasa gari linapogeuzwa papo kwa papo katika njia kama zile za Malindi, na dereva wa siku hizo alijisogeza mbele apate kuukumbatia. Leo mahitaji hayo ni machache. Kisogeze kiti nyuma kadiri mguu wa kushoto utakavyoweza kukanyaga klachi hadi mwisho huku goti limepinda kidogo, kisha hakikisha viwiko vimepinda pia mikono ikiwa juu ya usukani. Ukishapata mahali pako, usiondoke kabla ya kujitikisa mbele na nyuma kwa nguvu. Reli za kiti za miaka 60 huliwa na kutu, na komeo lake huweza kuonekana limeshika na kumbe limening'inia.

Kwa akina mama wafupi wa siku zile dawa ilikuwa takia. Bibi yangu alikuwa na lake la mahameli, jekundu, ambalo halikutoka garini hata kiangazi. Takia laini lilifaa kabla ya mkanda. Mkanda ukiwapo, linageuka kuwa adui, kwa sababu gari likisimama ghafla takia hudidimia, mwili huteleza chini, na sehemu ya mkanda iliyokuwa kiunoni hupanda tumboni. Afadhali kuinua kiti chenyewe kwa kipande kigumu kilichofungwa imara, na kubadilisha springi zilizolegea.

Katika gari la milango miwili kuna jambo jingine, nalo ndilo lililoacha alama katika ukoo wetu. Viti vya mbele hubinuka kizima ili abiria wa nyuma aingie, na vingi havikuwa na kitu cha kuvizuia visibinuke safarini. Shangazi yangu alipokuwa na miaka saba alikaa nyuma, na kiti cha mbele yake hakikuwa na mtu. Babu alikanyaga breki kwenye taa za barabarani. Kiti kikabinuka, na mtoto akapita juu yake hadi kwenye dashibodi. Kovu lipo juu ya jicho lake la kushoto mpaka leo. Mwendo, kwa kauli yake mwenyewe babu, haukuzidi maili 20 kwa saa. Wenye magari ya namna hii wawaombe mafundi wawafungie komeo za kuzuia viti. Na abiria wa mbele afahamu kwamba, pasi na komeo, mkanda wake utaushika mwili wake huku kiti na uzito wa aliye nyuma vikimsukuma kutoka mgongoni.

Sasa vioo. Historia yake inaanza na kioo cha mkononi. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, dereva mashuhuri wa mashindano Uingereza, aliwashauri wanawake waendeshao magari wawe na kioo kidogo cha kuinua juu na kutazama yanayokuja nyuma. Miaka 2 baadaye, 1911, Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis akiwa na kioo kilichofungwa mbele yake. Hata hivyo kwa miongo mingi gari la kawaida liliridhika na kioo kimoja kidogo ndani, kinachotetemeka injini ikinguruma. Minor za mwanzo zilikuwa na dirisha dogo la nyuma. Lilipanuliwa mwaka 1956 ilipotoka Minor 1000. Upana huo haukutusaidia sana sisi, kwa kuwa kiti cha nyuma kilijaa watoto waliosimama na bibi aliyekaa katikati, na babu akawa anaona mitandio mitupu.

Vioo vya nje vilifungwa mbali mbele, juu ya mabawa ya gari. Vina faida ambayo vioo vya mlangoni havina, kwani dereva huviona bila kugeuza kichwa. Lakini huwezi kuvirekebisha ukiwa umekaa. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja kitini, amekwisha kusogeza kiti chake na kufunga mkanda, na mwengine nje akigeuza kioo polepole mpaka aliye ndani aone ubavu wa gari kwa uchache na barabara kwa wingi. Ukirekebisha vioo kabla ya kiti, umefanya kazi bure. Vioo vilivyobinuka huonyesha eneo kubwa ila hufanya gari linalokuja lionekane liko mbali kuliko lilivyo. Kwa hiyo kadiria masafa kwa kioo cha ndani, kilicho bapa, ndipo utoke.

Kwa wale waliohamia Ghuba, jambo la vioo lilikuwa zito zaidi. Unguja na Uingereza magari hupita kushoto, na usukani uko kulia. Oman magari hupita kulia. Bahrain walipita kushoto mpaka 1967, na Aden mpaka 1977, na ndiyo maana jamaa zetu wa huko nao walibaki na magari yenye usukani wa kulia katika barabara zilizogeuzwa. Dereva wa gari kama hilo hukaa upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kulipita lori, haoni yanayokuja mpaka nusu ya gari lake iwe imetoka nje.

Ami alilipitisha gari lake katika hali hiyo wakati barabara za Oman zilipokuwa zinaenea upesi. Kabla ya Julai 1970 nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Jicho lake lilikuwa mkewe. Yeye alikaa kushoto, akachungulia, na akasema “Kweupe” au “Ngoja”, na ami hakutoka mpaka asikie. Walielewana hivyo kwa miaka, ingawa mke wa ami hakupata kushika usukani maishani mwake. Kwa anayeendesha gari la usukani wa kulia Ghuba leo, kioo cha bawa la kushoto ni cha lazima, kwani anayetaka kukupita atakuja upande huo.

Kuna sababu nyingine ya kukitazama kioo. Migongo ya viti vile ni mifupi, haina pa kuegemeza kichwa. Mkanda hukuzuia usiende mbele; ukigongwa kwa nyuma ukiwa umesimama, shingo yako haina kinga yoyote. Wazee ambao hawakuwa na mkanda walijua hivyo bila kufundishwa, wakawa wanatazama nyuma kila waliposimama, na kuacha nafasi mbele ili wapate pa kukimbilia. Kwa maoni yangu tumepokea mkanda tukaiacha tabia hiyo, ingawa katika gari lao bado tunaihitaji.

Mkanda wa pointi tatu tunaoujua ni kazi ya Nils Bohlin, mhandisi Mswidi ambaye kabla ya kujiunga na Volvo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Aliumaliza mwaka 1959, ukafungwa katika magari ya Volvo mwaka huo huo, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Jimbo la Victoria, Australia, liliwalazimisha watu kuufunga mwaka 1970. Uingereza ilizitaka gari mpya ziwe na mikanda ya mbele katika miaka ya 1960, lakini kuufunga hakukuwa lazima kwa dereva na abiria wa mbele hadi tarehe 31 Januari 1983, na kwa watu wazima wa nyuma hadi 1991. Babu hakungoja sheria. Baada ya jeraha la shangazi alikwenda kwa fundi akafungiwa mikanda miwili ya mbele.

Mikanda hiyo ingalipo, na ni ya namna isiyojivuta yenyewe. Vijana wetu hudhani kuibana bizimu kunatosha. Hakutoshi. Mkanda usiojivuta lazima urekebishwe kwa kila akaaye, na ukiachwa umelegea, mwili hupata nafasi ya kuruka kabla haujashikwa. Sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, isiwe tumboni. Ya juu ipite katikati ya mtulinga na kifua, mbali na shingo. Kisha vuta mpaka mkono bapa tu uweze kupita. Ukiwa umebana hivyo hutazifikia swichi nyingi za dashibodi, na hii ndiyo sababu watu wa zamani waliulegeza. Basi vuta choki, washa taa, funga mlango, ndipo ujifunge.

Mavazi yetu nayo yana hesabu yake. Joho na buibui hukusanya mikunjo chini ya mkanda. Inyanyue nguo, upitishe mkanda karibu na mwili. Bwana harusi wa Kiomani huvaa khanjari katikati ya kiuno, mahali hasa pa mkanda. Kuiacha hapo ni kuweka chuma na pembe baina ya mkanda na matumbo. Ivuliwe, ishikwe na mtu wa gari la nyuma, na ivaliwe tena mlangoni pa ukumbi. Najua wapiga picha watanung'unika.

Kuhusu watoto, sheria ya Uingereza iko wazi: gari la zamani ambalo halikutengenezwa na mikanda halipaswi kumchukua mtoto aliye chini ya miaka 3, na wakubwa kuliko hapo wakae nyuma. Kukaa nyuma bila mkanda, kwa aliyekwisha kusikia kisa cha shangazi, ni ruhusa ndogo mno. Anayetaka kuwachukua wajukuu kwa lake la urithi amtafute fundi anayejua kuchomea chuma, amfungie mikanda ya nyuma katika sehemu nene za bodi na kipande cha chuma cha kuimarisha kwa chini, si katika bati la sakafu ambalo hewa ya bahari imelila. Na mikanda ya zamani aikague kwenye mwanga: uzi uliofifia rangi kwa jua, kingo zilizochakaa, au mkanda uliowahi kushika mtu katika ajali, utolewe na ununuliwe mpya.