Cheche Njiani: Historia ya Motokaa Kuzimika na Kuwashwa Tena

Motokaa ilipata umeme kabla ya kupata taa za umeme. Jambo hili husahauliwa upesi, kwa kuwa watu wengi wanapofikiri juu ya umeme katika gari hufikiri kwanza juu ya taa zake. Gari la magurudumu matatu ambalo Carl Benz alilipatia hataza huko Ujerumani mwaka 1886 halikuangaza njia kwa umeme. Lakini ndani ya mtambo wake ilirukaruka cheche iliyowasha mvuke wa mafuta, na bila ya cheche hiyo gari zima lilikuwa rundo la chuma na mbao. Benz mwenyewe aliihesabu kazi ya kupata cheche ya kutegemewa kuwa ngumu kuliko zote zilizomkabili. Hakukosea. Tangu siku hizo, sehemu kubwa ya historia ya magari yaliyokwama njiani imekuwa historia ya cheche iliyokosa kufika mahali pake, au ya nguvu za umeme zilizokwisha kabla ya safari kwisha.

Aliyeionja shida hiyo mapema katika safari ndefu hakuwa Benz, bali mkewe. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz alitoka Mannheim pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, akaenda kwa mama yake huko Pforzheim, mwendo wa kilometa zaidi ya 100, bila ya kumwaga mumewe. Mafuta yalipopungua alinunua katika duka la dawa mjini Wiesloch, maana petroli haikuwa na duka lake wakati ule. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia. Tena husimuliwa kwamba waya wa cheche ulichubuka, ukagusa chuma, umeme ukatoroka njiani pasipo kufika ulikotakiwa. Naye akavua ukanda wa kufungia soksi akauzungushia waya ule, gari likaendelea. Wasimulizi wa baadaye wamependa kukitaja kisa hiki kama kichekesho cha mavazi ya kike. Hawakitendei haki. Bertha alikuwa ametia mahari yake katika kazi ya mumewe, na alijua alichokuwa akikitazama: alitambua kwamba kosa halikuwa katika mafuta bali katika umeme, kisha akatambua kwamba umeme haukukatika bali ulipotea njia. Kutenga makosa hayo mawili ndio mwanzo wa ufundi wote wa umeme wa magari, hata leo. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu moja zaidi, nayo ni kwamba waya ule ulikuwa wazi mbele ya macho.

Umeme wa magari yale ya kwanza ulitoka katika betri dhaifu ambazo gari halikuwa na njia ya kuzijaza tena likiwa safarini. Betri ya risasi na asidi ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, lakini ilikuwa nzito, na pa kuitilia chaji palikuwa mbali. Kwa hiyo mafundi walitafuta njia ya kuachana na betri kabisa. Robert Bosch, aliyefungua karakana yake mjini Stuttgart mwaka 1886, alitengeneza magneto, yaani chombo cha sumaku ambacho huzaa umeme kinapozungushwa na injini yenyewe. Na mwaka 1902 fundi wake Gottlob Honold aliipa magneto nguvu ya kutosha kurusha cheche katika plagi. Hapo motokaa ikawa kama inayojilisha: maadamu inazunguka, inapata cheche, na maadamu inapata cheche, inazunguka.

Lakini ni nani wa kuizungusha mara ya kwanza? Jibu lilikuwa mkono wa mtu na kipande cha chuma kilichopindwa, ambacho madereva wa Afrika Mashariki walikiita hendeli. Hendeli ilichomekwa mbele ya gari ikazungushwa kwa nguvu hadi injini iitikie. Kama cheche ilikuja kabla ya wakati wake, injini ilipiga teke, yaani iligeuka nyuma ghafla na kumrudishia mzungushaji hendeli yake kwa nguvu za moto. Vifundo vya mikono vilivunjika, na taya pia. Mwenye busara alifundishwa kuvuta juu wala si kusukuma chini, na kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi iuponyoke mkono badala ya kuupindua. Alifundishwa pia kwamba kabla ya kuzungusha ni lazima mkono mdogo ulio karibu na usukani uwekwe mahali pake, ili cheche ichelewe.

Katika malori ya Afrika Mashariki kazi hiyo ilimpata mtu wake maalumu, na cheo chake kingali katika lugha. Taniboi ni neno lililotokana na Kiingereza, na maana yake ya asili ni kijana wa kuzungusha. Baadaye alipakia mizigo, aliziba panchari na kuweka magogo nyuma ya magurudumu, na Watanzania wakampa jina la utingo. Lakini mwanzo wa kazi yake ulikuwa mbele ya boneti, hendeli mkononi. Mpango huo unastahili kutazamwa vizuri. Mwenye kupanga wakati wa cheche alikuwa dereva, ambaye ameketi. Mwenye kupigwa teke, dereva akisahau, alikuwa taniboi, ambaye amesimama. Elimu ilikuwa upande mmoja na hatari upande mwingine. Si ajabu kwamba mataniboi wengi walijifunza umeme wa gari upesi kuliko walivyotazamiwa, na kwamba katika wao walitoka madereva na mafundi hodari: mkono wao ulikuwa rehani.

Huko Marekani ni jeraha la namna hiyo linalotajwa kuwa chanzo cha mabadiliko. Husimuliwa kwamba Byron Carter, mtengeneza magari, alisimama kumsaidia mwanamke aliyezimikiwa na gari, hendeli ikampiga, naye akafa baadaye kwa matatizo yaliyofuata. Wanahistoria hawakubaliani juu ya mambo yote ya kisa hicho. Lakini hapana ubishi kwamba Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka hendeli iondoke, na kwamba Charles Kettering wa Dayton, Ohio, ndiye aliyemtimizia. Wataalamu waliona kuwa mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Kettering alikuwa amewahi kutia mota ya umeme katika mashine ya kuhesabia fedha madukani, na hapo alikuwa amejifunza kwamba mota ndogo huweza kufanya kazi kubwa kupita kiasi chake, ili mradi kazi hiyo ni ya nukta chache tu. Cadillac ya mwaka 1912 ikatoka na stata. Model T ya Ford, iliyokuwa imeanza mwaka 1908 bila ya kuhitaji betri, iliipata mwaka 1919, na kabla ya 1927 kwisha idadi ya magari hayo ilikuwa imefika milioni 15.

Stata iliokoa mikono mingi, na iliwafungulia usukani watu ambao hendeli iliwazuia. Pamoja na hayo, ilileta namna mpya ya kukwama. Stata haifanyi kazi bila ya betri, na betri haidumu bila ya dainamo ya kuijaza. Kwa hiyo kitu kile ambacho magneto ilikiondoa kilirudi, na safari hii kikawa bwana wa gari zima. Gari lenye injini nzima, mafuta tele na magurudumu mapya likaweza kulala njiani kwa sababu mtu alisahau kuzima taa. Viwanda vyenyewe havikuwa na imani kamili: Land Rover ya mwaka 1948 ilikuwa na stata, lakini ilikuja na hendeli yake, na Peugeot 404 ya mwaka 1960 vilevile iliachiwa tundu la kuipitishia.

Kwa hiyo kizazi cha madereva wa miaka ya 1940 hadi 1970 kililazimika kujua elimu mbili, ya mkono na ya umeme, na pengine hapajatokea kizazi kingine kilichoyajua magari yake kwa kiasi hicho. Walizisoma dalili. Stata ikinyamaza, dereva aliwasha taa kubwa kisha akajaribu tena. Taa zikififia hadi kuwa nyekundu, betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea na kuota ukungu mweupe wa chumvi. Dawa yake ilikuwa kuvifungua, kuvikwangua hadi chuma king'ae, kuvikaza na kuvipaka grisi. Taa zikibaki kali na stata isiseme neno, kosa liko katika swichi au waya wake, au katika stata yenyewe, ambayo mara nyingine iliamka kwa kugongwa kidogo na spana. Stata ikizunguka vizuri na injini isiwake, basi ni mafuta au cheche: waya wa plagi ulichomolewa ukasogezwa karibu na chuma ili cheche ionekane. Isipoonekana, kifuniko cha distributa kilifunguliwa, pointi zikasuguliwa kwa msasa, na nafasi baina yake ikapimwa, kwa kukosa kipimo, kwa karatasi ngumu ya kasha la kiberiti. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka safarini, dereva alisimama kutazama mkanda wa feni. Ukikatika, soksi ndefu ya kike iliyofungwa kwa nguvu iliweza kumfikisha mji wa pili. Na kama betri ilikufa kabisa, abiria walishuka wakasukuma, gia ya pili ikatiwa, klachi ikaachiwa kwa ghafla.

Njia za Afrika Mashariki zilikuwa mtihani mkali wa elimu hiyo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalifanywa katika majira ya mvua za masika, na maji ni adui mkubwa wa cheche: tone moja katika kifuniko cha distributa hutosha kuupotosha umeme. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Si umeme peke yake uliowaangusha wengine, maana tope na mawe yalikuwa na fungu lao kubwa. Lakini aliyevuka mto bila ya kukinga distributa yake hakuwa na haki ya kulaumu barabara.

Mtihani mwingine haukuwa wa michezo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kuyachukua kutoka Dar es Salaam, kupita Morogoro, Iringa na Mbeya, katika barabara ya udongo na vumbi ambayo Waingereza waliibandika jina la jahanamu. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968 ndipo mzigo ulipopungua. Malori makubwa ya namna hiyo yalikuwa ya dizeli, na dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila ya cheche. Umeme ulihitajika kuiamsha injini na kuwasha taa tu. Dereva aliyeitilia shaka betri yake aliegesha mteremkoni, au hakuzima usiku kucha. Na lori lililokufa lilitangazwa kwa matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani nyuma yake, desturi ambayo ingaliko.

Wakati huohuo kosa lilikuwa linaondoka mbele ya macho. Alteneta, ambayo Chrysler iliieneza kuanzia mwaka 1960, ilijaza betri hata gari likiwa limesimama foleni, jambo ambalo dainamo ililishindwa. Lakini ndani yake mna vipande vidogo vinavyoungua mara moja betri ikifungwa kinyume. Kosa hilo lilikuwa jepesi kutendeka, kwa kuwa hadi miaka ya 1960 magari mengi ya Kiingereza yalifunga upande chanya kwenye bodi, na mengine hasi. Dereva aliyeazima umeme kwa jirani bila ya kuuliza aliweza kuyaharibu magari mawili kwa wema mmoja. Mwaka 1967 Volkswagen ilitoa gari ambalo petroli yake ilipimwa na vyombo vya elektroniki vya Bosch. Pointi zikafuata njia ya hendeli. Tangu mwaka 1996 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani limetakiwa kuwa na tundu la kuchomekea chombo cha kusomea makosa yake. Fundi wa leo wa Gerezani au Gikomba huwa na chombo hicho mkono mmoja na taa ya majaribio, yaani globu na waya mbili, mkono wa pili. Na aghalabu huanza kwa taa, maana kichwa cha betri kilicholegea huweza kukifanya chombo kitaje makosa kumi ambayo hayapo.

Hata gari linaloendeshwa kwa umeme mtupu halikuepuka jambo hili. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, hubeba chini ya sakafu betri kubwa ya kuliendesha, na pembeni betri ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi, ya ukoo uleule wa Planté, ambayo kazi yake ni kuviamsha vyombo vinavyoifungulia ile kubwa njia. Hiyo ndogo ikifa, gari husimama na nguvu zake zote ndani, likingoja mtu mwenye nyaya mbili.