Moto wa Barabarani na Bei ya Kuuzima

Ndugu zetu wa Mikumi wanaishi jirani na mafuta tangu mwishoni mwa 1965. Walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru Novemba mwaka huo, njia ya mafuta ya Zambia upande wa kusini ikakatika, na malori yenye mapipa yakaanza kupita kwetu kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi. Bomba la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 lilipunguza msururu huo, halikuumaliza. Siku hizi mapipa yamekuwa matangi.

Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la taifa zima. Wenye gesti, maduka na vituo vya mafuta hulipia ukaguzi, na risiti wanazo. Basi kila tukikutana, yupo anayeuliza: gari letu liko wapi? Kwa nini tusichange tukanunua? Kutoka Morogoro mjini hadi Mikumi ni kilomita zipatazo 120, kwa hiyo swali ni la haki.

Tumelipigia hesabu. Nchini Marekani kampuni ya uwekezaji, American Industrial Partners, ilinunua kiwanda cha E-One mwaka 2008. Vikafuata KME, Ferrara na Spartan, vyote chini ya mwavuli wa REV Group. Miji iliyozoea kushindanisha zabuni ikabaki na wauzaji wachache. Gari la pampu lililouzwa karibu dola 500,000 miaka kumi iliyopita sasa linakaribia dola milioni 1, na mnunuzi husubiri miaka. Wenye viwanda husingizia vipuri vilivyopanda baada ya Uviko na masharti mapya ya moshi wa injini. Yana ukweli wake hayo, ila kwa macho ya mhasibu hayatoshi kuifanya bei iwe maradufu.

Kwetu shilingi inaongeza mzigo. Mwaka 2014 dola ilikuwa takriban shilingi 1,650. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,600. Gari lile lile limetoka milioni 825 hadi bilioni 2.6. La China lingekuwa nafuu, lakini nalo hulipiwa kwa fedha za kigeni. Bado dereva, matairi na dizeli, kila mwaka.

Halafu kuna Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro na kulipuka, wakafariki zaidi ya watu 100, Mungu awarehemu. Wengi walikuwa wamefuata petroli iliyomwagika. Hakuna gari ambalo lingewawahi.

Kwa hiyo mwaka huu tunachangia mitungi ya kuzimia moto kwa shule, ofisi za kata na stendi ya Mikumi, pamoja na mafunzo kwa vijana wa bodaboda, maana wao ndio hufika kwanza kwenye ajali. Wafundishwe kuwazuia watu wasisogelee tangi lililopinduka. Mitungi inahitaji kukaguliwa na kujazwa upya. Gharama hiyo tumeiweka kwenye bajeti ya mwaka ujao, mstari wake peke yake, ili isije ikaliwa na mambo mengine.